Biashara ni yangu peke yangu na hamu ya kazi imeniisha: wenzangu mnafanyaje?

Mshona Ngozi, Umoja

Habari zenu nyote. Ninashona mikoba na mikanda ya ngozi, na biashara hii nimeiendesha peke yangu tangu nilipoacha kazi ya ofisi mwaka juzi. Ninanunua ngozi, ninakata, ninashona, ninapiga picha, ninawajibu wateja kwenye WhatsApp, ninapeleka mizigo mjini, na usiku ninafanya hesabu, zile siku ambazo ninazifanya. Karakana yangu ni chumba cha pili cha nyumba ninayopanga.

Naomba nieleweke kwamba tatizo langu si kukosa wateja. Hivi ninavyoandika kuna oda ya mikoba ya nyaraka ya ofisi moja ya Upper Hill, hapa Nairobi. Arubuni imelipwa, ngozi imetandazwa mezani, vipimo vya karatasi viko tayari, na bado asubuhi yote imepita nikifua, nikifagia na kupanga nyuzi kwa rangi zake. Nilipokuwa nimeajiriwa niliamka saa kumi na moja ili niiwahi Jogoo Road kabla ya foleni, wala sikuwahi kujiuliza kama nina hamu au sina, kwa kuwa kulikuwa na daftari la kutia sahihi na msimamizi wa kulikagua. Sasa niamke saa moja, niamke saa tatu, ni mamoja, kwani hakuna ajuaye.

Ushauri nimepewa mwingi. Mama ananiambia mvumilivu hula mbivu, marafiki wananitumia video za matajiri wanaoamka usiku wa manane, na kanisani nimekumbushwa habari za chungu wa Mithali. Yote ni mema, lakini nguvu yake haifiki saa nne. Ningependa kusikia kutoka kwa watu ambao hawana mwajiriwa wala mshirika: siku ambayo moyo umekataa, mnafanya nini hasa ili kazi ifanyike?

Mama Nafaka, Nyamakima

Mwanangu, pole. Mimi ninauza maharagwe, ndengu na mchele kwa magunia, na nikikuambia kwamba nina moyo kuliko wako nitakuwa nimekudanganya. Lori la kutoka mpakani huingia kabla ya mapambazuko na wapakuzi wanakuwa wameshafika, nao wasipopata mtu wa kuwafungulia stoo wanakosa riziki ya siku hiyo. Lori haliniulizi nimeamkaje. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo ningekuuliza ni hili: usipofanya kazi leo, ni nani atakayesumbuka kabla ya jua kutua? Ikiwa jibu ni kwamba hakuna, basi hata malaika angelala mpaka saa tatu.

Siku moja tenga muda uende Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, usiende kununua bali uende kuangalia tu. Wale watu Serikali iliwajengea mabanda katikati ya miaka ya 1980, na mpaka leo wanakunja mabati kutengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko, makarai na mikokoteni. Kila mmoja pale ana biashara yake: ananunua bati lake, anakopa kwa jina lake, na akipata hasara anaibeba mwenyewe. Lakini hakuna anayefanya kazi peke yake. Jirani akianza kugonga nyundo, naye atagonga, si kwa sababu amepata ari mpya, bali kwa sababu kukaa bure katikati ya kelele ile ni aibu ambayo mtu mzima haiwezi. Asipofika, kuna atakayeuliza yuko wapi. Akiletewa kazi kubwa kuliko mikono yake, anawagawia wawili watatu walio karibu naye, na kesho wao watamgawia. Mteja wake akija naye amekwenda msalani, jirani atauza kwa niaba yake na kumwekea fedha.

Nadhani wewe umechanganya mambo mawili ambayo mafundi wale wameyatenganisha. Kuimiliki biashara peke yako hakukulazimishi kuifanya katika chumba kimoja na ukimya wako. Mtu wa ngozi katika jiji hili hakosi pa kwenda: soko la Kariokor limejaa washonaji wa viatu, mikanda na mikoba, na wapo wenye nafasi kubwa kuliko wanayoweza kuilipia. Ulizia meza, si duka zima. Meza na kiti, na mahali pa kuchomeka taa.

Kuhusu chama, najua utaambiwa ujiunge na kimoja, na mimi ni mwanachama wa viwili. Lakini chama cha kuchanga na kugawana fedha peke yake hakitakusaidia katika hili, kwa sababu mchango unaweza kuutoa hata kama hukushona kitu mwezi mzima. Tafuta wanawake wawili wenye biashara zao ambao kila Jumatatu mtaelezana mnachokusudia kumaliza, na Jumatatu inayofuata mseme kilichotokea. Wasiwe jamaa zako. Jamaa watakuhurumia.

Mwana wa Gikomba

Kwa heshima zote, mama, soko lina upande wake wa pili. Mimi nipo katika mitumba, na ninaweza kumhakikishia dada yetu kwamba baada ya belo kukatwa alfajiri na nguo za daraja la juu kuchukuliwa, kuanzia saa tano hivi nusu ya watu wanabishana siasa na mpira. Aibu ya kukaa bure haiko kila mahali. Achague majirani kabla ya kuchagua meza, na aende huko siku ya Jumatano, kwa kuwa Jumamosi kila mtu huonekana mchapakazi.

Mhasibu wa Mtaa, Buruburu

Nimesoma maoni ya walionitangulia nami nakubaliana na jambo la mahali, ila kazi yangu hunikutanisha na wenye biashara ndogo kwa njia ya daftari zao, na huko nimeona sababu nyingine ya mtu kuvunjika moyo ambayo haiondolewi na jirani mwema. Mtu huchoka anapofanya kazi na asione kazi hiyo imekwenda wapi. Dada Mshona Ngozi ameandika, kama mtu anayepita njia tu, kwamba hesabu huzifanya “zile siku ambazo ninazifanya”. Hapo ndipo ningeanzia.

Niulize jambo moja mahususi: wateja wako wanalipa kwenye nambari gani? Ikiwa wanatuma kwenye laini yako ya kawaida ya M-Pesa, na ikiwa wewe, kama Wakenya wengi tangu 2019, huwa unatumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, salio linapoisha, basi fikiria kinachotokea. Jumanne usiku unanunua tokeni za umeme na unga kwa Fuliza. Jumatano asubuhi mteja anatuma arubuni ya mkoba, na kabla hujaigusa, deni linakatwa humo. Fedha za ngozi zimelipia chakula cha jana. Sasa unatakiwa kuketi na kushona mkoba ambao malipo yake ya kwanza yameshaliwa, na moyo wako, ambao unajua hesabu kuliko unavyoukubalia, unakataa. Watu huita hali hiyo uvivu. Mimi naiita deni lisiloandikwa.

Tenganisha fedha hizo. Fungua nambari ya Lipa na M-Pesa, au kama bado hujafika huko tumia Pochi la Biashara, ambalo hupokea malipo ya wateja kwenye laini hiyo hiyo bila kuyachanganya na fedha zako binafsi. Kisha jipangie mshahara, hata uwe mdogo wa kuchekesha, na uulipe siku moja ile ile kila wiki kutoka upande wa biashara kuja upande wako. Mtu anayejilipa Ijumaa ana sababu ya kuamka Jumatano.

La pili ni bei. Tuseme mkoba mmoja unauzwa shilingi 4,500. Ngozi, bitana, zipu, uzi na gundi vimekula shilingi 2,100, na kuufikisha kwa mteja shilingi 200. Ukikuchukua saa nane kuutengeneza, umejilipa shilingi 275 kwa saa, na hapo hatujataja kodi ya chumba, umeme wala saa ulizotumia kujibu watu waliouliza bei na kunyamaza. Huenda kwako hesabu ni bora kuliko hii, huenda ni mbaya zaidi. Ninachosema ni kwamba usipoijua utaendelea kujilaumu kwa kukosa bidii katika kazi ambayo labda ilihitaji tu kuongezwa bei.

Kuhusu mikopo ya kujitia nguvu nitasema machache. Hazina ya Hustler ya Serikali, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilianza na mkopo wa mtu binafsi wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka unaorejeshwa ndani ya siku 14. Riba si mbaya. Lakini ofisi inayokulipa mwezi mmoja baada ya kupokea mikoba haiendi na mkopo wa majuma mawili, na mwenye kukimbizana na tarehe ya mkopo hushona vibaya. Afadhali uidai ofisi arubuni kubwa zaidi.

Mwisho, ikiwa mauzo yako ya mwaka yamepita shilingi milioni 1 na hayajavuka milioni 25, unahusika na ushuru wa mauzo ghafi, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na ripoti yake huwasilishwa kwa mamlaka ya mapato, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wengi huichukia tarehe hiyo. Nina mteja mmoja ambaye ameifanya kuwa siku yake ya kukaa na kahawa na kutazama mwezi mzima ulivyokwenda, na hata alipokuwa hajafikia kiwango cha kulipa alikuwa akifanya hivyo. Naona ni matumizi mazuri ya usumbufu usioepukika.

Kwa wale wanaodhani haya ni ya dada mmoja tu: uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Taifa wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa biashara ndogondogo na za kati zipatazo milioni 2.2 zilifungwa nchini katika miaka mitano, na sababu iliyotajwa na wengi ilikuwa kukosa fedha za kuendeshea. Wengi wao, nina hakika, walianza kwa kukosa hamu ya kufungua daftari.

Muuguzi wa Kangemi

Nitasema neno moja ambalo wafanyabiashara hulisahau. Dada, ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili usingizi umeharibika, chakula hakina ladha, na hata mambo yasiyohusu biashara, kama muziki au watoto wa ndugu zako, hayakufurahishi tena, basi usitafute meza Kariokor kwanza. Nenda hospitali ukamwone daktari na umweleze hivyo hivyo ulivyotueleza, kwa sababu sonona ni ugonjwa na ina matibabu. Ikiwa unalala na kula vizuri, na ni kazi tu inayokushinda, endelea kuwasikiliza hawa.

Mshona Ngozi, Umoja

Asanteni sana, sikutarajia kujibiwa kwa kina namna hii. Nimjibu muuguzi kwanza: ninalala vizuri, ninakula, na Jumapili huwa nina furaha zangu zote. Ni meza ile tu.

Mhasibu, umenisoma kama umekaa jikoni kwangu. Wateja wanatuma kwenye laini yangu, na Fuliza ipo. Nitaomba Pochi la Biashara leo hii. Nimeona pia, baada ya kusoma hesabu yako, kwamba mkanda unanilipa kwa saa kuliko mkoba, jambo ambalo sikuwa nalijua, kwani mkoba ndio unaosifiwa.

Mama Nafaka, maneno yako kuhusu Kamukunji yamenikaa. Wasiwasi wangu wa Kariokor ni kuigwa. Miundo yangu nimeihangaikia, na nikishona mbele ya watu, wiki ijayo itakuwa inaning'inia kwenye kila kibanda. Halafu kuna jambo ambalo bado halijaguswa. Siku nyingine ninakaa mezani kabisa, simu nimeizima, deni halipo, na bado mkono hauendi. Nikishaanza, ninaweza kushona mpaka usiku bila kuchoka. Kizuizi kiko pale mwanzoni tu, na sijui kinatoka wapi.

Fundi wa Kariokor

Dada, mimi ni mshonaji wa kandambili na mikoba katika soko hilo unaloliogopa, na swali lako la mwisho nadhani naweza kulijibu. Hebu soma tena ulichoandika mwanzo. Ngozi imetandazwa, vipimo viko tayari, na wewe unafua nguo. Hukusema cherehani inakushinda. Unachokikwepa ni kisu.

Kila mshonaji wa ngozi anaijua hali hiyo, ila hatuizungumzi. Kitambaa ukikikosea unafumua, lakini ngozi iliyokwisha kukatwa haina marekebisho. Na ngozi ya ng'ombe si sawa kila mahali: sehemu ya mgongo imekaza na ndiyo ya kutoa uso wa mkoba, ya tumbo ni legelege na ukiitumia kwa mshipi itavutika mpaka mteja airudishe, na katikati kuna alama za kupe, makovu ya miiba, pengine chapa ya mwenye ng'ombe. Unatakiwa kupanga vipande vyote ili vikwepe kasoro na visiache mabaki makubwa, na ukikosea kipande kimoja cha uso, faida ya mkoba mzima imekwenda. Hiyo ni kazi ya kuamua, mfululizo wa maamuzi ishirini yasiyo na njia ya kurudi, na wewe unajitaka uyafanye asubuhi, peke yako, kwa fedha ya mtu ambayo pengine umeshaila. Ningekuwa mimi ningefua hata mapazia.

Sisi hapa tunafanya hivi. Kukata hakuanzi siku. Tunakata jioni, simu zikishatulia, na mara nyingi wawili pamoja: mmoja anapanga vipimo, mwenzake anasimama juu yake na kusema “sogeza hicho, kuna kovu”. Mwenzako akishaitazama na kunyamaza, mkono unakuwa mwepesi ajabu. Vipande vinatiwa nambari kwa kalamu upande wa nyuma, vinafungwa kwa oda, vinalala. Asubuhi unakutana na kazi isiyo na maamuzi, ya kupaka gundi, kutoboa, kuunganisha, na mwili unaijua. Mimi huacha hata mshono mmoja haujamalizwa, sindano imo, ili nikifika nisiwe na cha kufikiria. Wengine hapa hunicheka kwa hilo, lakini wao ndio wanaoanza saa nne.

Kama utakata peke yako, basi usikate oda nzima. Kata vishikizo na mishipi ya mikoba yote kwanza, kutoka kwenye ukingo, mahali ambapo kosa ni la bei ndogo. Ukifika kwenye mgongo wa ngozi mkono utakuwa umeshapata moto.

Kuhusu kuigwa, nitakuwa mkweli: utaigwa. Lakini unaweka picha Instagram, kwa hiyo umeshaigwa, ila hukuwepo kuona. Ukiwa hapa angalau utamwona anayeiga, na uzoefu wangu ni kwamba anayeiga mbele yako huona haya ya kushusha bei chini ya yako. Aliye mbali hana haya hiyo. Na kazi ya ofisi ile ya Upper Hill, ikiwa kubwa kuliko muda ulio nao, nani atakusaidia huko Umoja?

Mwana wa Gikomba amesema kweli kuhusu majirani. Safu yetu wasemaji wapo, hasa ligi ya Uingereza ikichezwa, lakini wanasema huku mikono ikienda.

Mshona Ngozi, Umoja

Fundi, nimesoma ujumbe wako kisha nikaenda kuitazama ngozi mezani, na ni kweli, ni kisu. Sikuwahi kumsikia mtu akilisema. Leo jioni nitakata mishipi. Swali moja tu la vitendo: nikipata meza huko, cherehani yangu ni nzito na ngozi ni ghali. Usiku vinabaki wapi?

Fundi wa Kariokor

Cherehani inabaki; walinzi wapo na tunachanga kuwalipa, na karibu kila mtu hapa anaacha mashine yake ikiwa imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Ngozi ambayo haijakatwa usiiache, rudi nayo nyumbani, au ibaki kwenye stoo ya anayekuuzia uichukue kwa vipande kadiri ya kazi. Meza ya kwangu upande wa kushoto haina mtu tangu aliyekuwa akiitumia ahamie Thika. Usilipe mwezi. Njoo na kazi yako ya siku hiyo, ukae, ushone, uwasikilize hao wasemaji, kisha tuzungumze bei. Na mama Nafaka, ukipita na ndengu za kilo mbilimbili, hapa wateja wapo.

Mama Nafaka, Nyamakima

Fundi, mimi ninauza kwa gunia. Lakini kwa ajili ya huyu binti nitapima.